Mei, Mai na mwezi wa tano

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie historia. Msiwe na wasiwasi, kabla hatujamaliza tutarudi kwenye tarakilishi, maana jambo lenyewe linagusa kila mtu aliyewahi kuandika programu yenye tarehe ndani yake.

Vijana wengi wa huku Eastlands wanasoma Kijerumani siku hizi. Ukiuliza Buruburu, Umoja, Kayole au Donholm, hukosi nyumba yenye mtoto aliye darasani au anayetafuta karo ya kuingia. Sababu inajulikana. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, Rais Ruto na Chansela Olaf Scholz wakiwapo. Wauguzi, mafundi na watu wa kompyuta wanatakiwa kule, lakini wengi kwanza lazima wapite mtihani wa lugha. Wazazi wanakopa kwenye chama, wengine wanauza kipande cha shamba, ili mtoto apate cheti.

Miezi ni kati ya mambo ya kwanza kufundishwa. Na karibu kila mahali inafundishwa kupitia Kiingereza: mwanafunzi anapewa jina la Kiingereza upande huu, la Kijerumani upande ule, akariri. Mimi nasema hiyo ni sawa na kutoka Umoja kwenda Donholm kwa kupitia Ngong. Mtoto wa mtaani ana njia fupi zaidi mdomoni mwake, na historia ndiyo inayoeleza kwa nini.

Tuanze na jinsi tunavyosema miezi sisi wenyewe. Landilodi akija mlangoni hasemi "Februari". Anasema, "Mwezi wa pili umefika, na wa kwanza bado hujamaliza." Mama mboga anakumbuka kwamba sukuma wiki ilipanda bei mwezi wa tatu. Shule zinafungwa mwezi wa nne. Tunahesabu tu, moja hadi kumi na mbili. Majina kama Januari na Oktoba tunayo, lakini makao yake ni kwenye fomu, redioni na kwenye kalenda ya ukutani. Isipokuwa Januari, ambayo tumeigeuza kuwa Njaanuari, na hapo tumeifanya yetu kabisa! Wenzetu wa Kongo ya mashariki huhesabu vivyo hivyo: mwezi ya kwanza, mwezi ya pili, mpaka mwisho.

Sasa hayo majina ya kwenye fomu yalitoka wapi? Yasikilize vizuri. Mei. Julai. Machi. Hizo ni sauti za Kiingereza zilizoandikwa kwa herufi za Kiswahili. Mjerumani anasema Mai, kama mwanzo wa neno "maisha". Anasema Juli, na kwake herufi J hutamkwa kama Y yetu, kwa hiyo ni "Yuli". Hakuna njia ya kutoka "Yuli" ukafika "Julai". Aliyetuletea neno hilo alikuwa Mwingereza, na sisi tuliliandika kama tulivyolisikia.

Hili linashangaza kidogo ukikumbuka kwamba Wajerumani walitawala Tanganyika tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Hata hapa Kenya walikuwa na sehemu yao, Witu, karibu na Lamu, tangu 1885 hadi mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ulipowapa Waingereza eneo hilo. Walituachia maneno. "Shule" ni Schule ya Kijerumani, karibu bila kubadilika. "Hela" inatokana na Heller, sarafu yao ndogo ya Afrika Mashariki. Lakini miezi haikubaki. Kiswahili sanifu kilisanifiwa chini ya Waingereza, kupitia kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi zote nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na miezi iliyoingia vitabuni ikawa ya Kiingereza. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukisema "mtoto hana hela ya shule", tayari umetumia maneno mawili ya Kijerumani. Ukisema "Julai", bado uko London.

Kabla ya hapo watu wa huku hawakukosa kalenda. Mswahili wa Mombasa alikuwa nayo, na kwa kweli anayo hadi leo. Mwezi baada ya Ramadhani unaitwa Mfunguo Mosi, na wengi hutamka Mfungo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa. Baada ya hapo ni Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Tazama uzuri wake: miezi tisa inahesabiwa tangu watu walipofungua, na mitatu ina majina kwa sababu inaelekea kwenye saumu. Maulidi yako Mfunguo Sita, kila mtu wa pwani anajua.

Pamoja na hiyo ya mwezi mwandamo, pwani kulikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanza siku ya Nairuzi, na siku zake zikihesabiwa kwa makumi, yaani miongo. Mabaki yake mashuhuri ni sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja. Mabaharia na wakulima waliuhitaji, kwa sababu kaskazi na kusi havifuati mwezi mwandamo. Bara nako watu walihesabu kwa mvua na mazao. Wakikuyu wana msimu wa njahi na msimu wa mwere. Wajaluo wana chwiri na opon. Wakati ulikuwa na jina la kazi iliyokuwa ikifanyika shambani.

Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wa Kijerumani wangefurahi kulijua. Zamani Wajerumani ndio waliokuja kujifunza miezi yetu. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1850 alichapisha huko kwao sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, muda mfupi baada ya yeye kufariki. Mwenzake Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wote wawili walikuwa Wajerumani waliotumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, na walilazimika kuketi na wenyeji, kuuliza na kuandika. Mjerumani huyo wa kwanza hakuwa na darasa, hakuwa na kitabu cha mazoezi, wala hakuwa na cheti. Alikuwa na masikio tu.

Mwezi wa kizungu ulifikaje basi huku mashariki mwa Nairobi? Haukuletwa na shule peke yake. Uliletwa na mshahara. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua kuizunguka. Pumwani ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika, kisha zikafuata Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni ya watu wa reli, Bahati na nyinginezo. Hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na mfanyakazi alilipwa kwa mwezi na kudaiwa kodi ya nyumba kwa mwezi. Mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kubeba kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya vita. Ndani yake mliandikwa mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mtu ambaye kijijini alihesabu misimu kwa mvua, sasa alikuwa na tarehe shingoni mwake, ndani ya kikasha cha chuma.

Vita vyenyewe navyo viko kwenye ramani ya mtaa wetu. Kariokor ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililopita kwenye midomo ya wananchi. Tangu Agosti 1914 Waingereza walipigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, na mizigo ilibebwa na Waafrika, kichwani na mabegani. Mwaka 1917 uandikishaji ulikuwa mkali kuliko wakati wowote. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Ulaya walisimamisha vita tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadaye, kwa sababu habari zilichelewa kumfikia porini. Ukipita Kariokor kununua kiondo au kula nyama, unapita kwenye kumbukumbu ya watu walioenda kukutana na Wajerumani bila kufundishwa neno lao hata moja.

Sasa tugeuke tuwatazame Wajerumani wenyewe, maana wao pia walipoteza miezi yao. Einhard, aliyeandika habari za maisha ya mfalme Charlemagne aliyefariki mwaka 814, anasema mfalme huyo aliipa miezi kumi na miwili majina katika lugha ya watu wake. Januari ulikuwa mwezi wa baridi. Aprili, mwezi wa Pasaka. Juni, mwezi wa kulima shamba lililolazwa. Julai, mwezi wa nyasi kavu za mifugo. Agosti, mwezi wa mavuno. Oktoba, mwezi wa kuchuma zabibu. Desemba, mwezi mtakatifu. Mkulima wa njahi na mwere angeielewa kalenda hiyo bila mkalimani.

Majina ya namna hiyo yalidumu vijijini kwa karne nyingi, yakipishana na ya Kirumi. Lakini kanisa, mahakama na wafanyabiashara walitumia Kilatini, na mwishowe Kilatini kikashinda. Kwa hiyo Januar, März na August si maneno ya Kijerumani kwa asili, kama vile Januari, Machi na Agosti si ya Kiswahili kwa asili. Wote tulikopa duka moja, sisi tukipitia kwa mpangaji wa kati.

Na hilo duka lenyewe lina bidhaa zenye kasoro. Kalenda ya kale ya Kirumi ilianza Machi, ndiyo maana Septemba maana yake ni ya saba, Oktoba ya nane, Novemba ya tisa na Desemba ya kumi. Mwaka ulipoanza kuhesabiwa Januari, majina yakabaki nyuma kwa miezi miwili. Julai ilipewa jina la Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, na Agosti jina la Augusto mwaka 8 kabla ya Kristo. Kwa hiyo landilodi anayesema "mwezi wa tisa" anasema ukweli mtupu, na kalenda iliyoandika "Septemba" inasema saba huku ikimaanisha tisa.

Haya, twende kazi. Hii ndiyo miezi ya Kijerumani, jinsi inavyoandikwa na jinsi inavyosikika kwa sikio la Mswahili:

Januar - Yanuar
Februar - Februar
März - Merts
April - April
Mai - Mai
Juni - Yuni
Juli - Yuli
August - August, "au" kama neno letu "au"
September - Zeptemba
Oktober - Oktoba
November - Novemba
Dezember - Detsemba

Tazama ile minne ya mwisho. Mjerumani anaandika -er lakini mwishoni hutamka karibu na "a". Mkazo anauweka palepale tunapouweka sisi: OkTOba, NoVEmba. Kwenye August anakaza silabi ya pili, kama sisi kwenye aGOsti, wakati Mwingereza anakaza ya kwanza. April vilevile. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza anajifunza mkazo mbaya kwanza, halafu analipa karo ili auondoe. Anayetoka Kiswahili anabadilisha J iwe Y, anakata irabu ya mwisho inapobidi, na anajihadhari na Januar na Februar, ambapo Mjerumani hukaza mwanzo. Zawadi nyingine: miezi yote iko kwenye jinsia moja, der, na yote husemwa im: im Mai, im Juli. Ni kama kwetu, ambapo yote inafuata ngeli ya mwezi.

Utamu zaidi uko kwenye simu. Juni na Juli zinafanana mno kwa sikio, kwa hiyo Mjerumani asiyetaka kosa husema Juno kwa Juni, na Julei kwa Juli. Hiyo Julei inatamkwa "Yulai". Baada ya safari yote hiyo, tunakutana tena! Na ukiajiriwa Austria badala ya Ujerumani, Januar utaikuta inaitwa Jänner.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili. Mjerumani wa kawaida, akitaja tarehe, mara nyingi haitaji jina la mwezi kabisa. Tarehe 5 Machi anaisema "am fünften dritten". Neno kwa neno: siku ya tano, ya tatu. Yaani tarehe tano mwezi wa tatu! Kwenye maandishi ni 5.3., na zile nukta si mapambo. Nukta baada ya namba katika Kijerumani inafanya kazi ya -a yetu: 5. ni "ya tano", 3. ni "wa tatu". Kumbe yule landilodi wa Kayole na muuguzi wa Hamburg wanahesabu sawasawa. Mwanafunzi aliyekuwa akiambiwa kwamba "mwezi wa tatu" ni lugha ya mtaani, aseme jina sahihi, ndiye aliye karibu zaidi na Wajerumani wanavyozungumza.

Nimeahidi tarakilishi. Katika kazi yangu miezi ni orodha ya maneno kumi na mawili ndani ya faili, faili moja kwa kila lugha. Ili simu yako iandike "Agosti" badala ya jina la Kiingereza, lazima mtu fulani aliketi akayaandika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kazi kama hiyo ndiyo iliyofungua njia. Naipenda kazi ile. Lakini orodha hizo zina maneno ya kwenye fomu tu. Mfunguo Mosi haumo, mwezi wa tano haumo. Na lugha ya JavaScript huhesabu Januari kuwa sifuri, kwa hiyo kwake mwezi wa tano ni wa nne. Kila atakaye hesabu yake anaiandika.

Kuna mahali ambapo mchezo huu si mchezo tena. Wako wazee wetu ambao siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa. Mama alisema "wakati wa njaa ile" au "masika, baada ya nzige", na karani akaandika mwaka wa kukisia. Programu haikubali masika. Inataka siku na mwezi, la sivyo kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Ndiyo maana kuna watu wengi duniani, wakiwemo wakimbizi na wahamiaji walioko Ujerumani, ambao kwenye karatasi wamezaliwa 01.01. Binti wa Umoja akifika huko na kuanza kazi kwenye nyumba ya wazee, atakutana na hiyo tarehe. Wenzake wanaweza kuona sadfa. Yeye ataelewa kwamba hapo palikuwa na mvua, njaa au vita, na hakuna sanduku la kuvijaza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofundisha Kijerumani huku mtaani: waambieni wanafunzi waanze na kile wanachokijua. Waseme tarehe tano mwezi wa tatu, kisha am fünften dritten, halafu ndipo waandike März. Na kwa wenzangu wanaoandika programu: sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, ruhusu mtu aweke mwaka peke yake. Ni mistari michache ya kazi, na itamwondolea mtu uongo ambao hakuutaka.

Kama una miezi ya lugha ya kwenu ambayo nyanya au guka bado anaikumbuka, iandike mahali kabla hajaondoka nayo. Mimi nimeanza na faili tupu lenye mistari kumi na miwili. Haya, tuonane siku nyingine.